Chajio: Tarikhi ya Chungu cha Jioni Katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Kiswahili hakikuyaacha maakuli ya siku bila ya majina. Cha asubuhi kimeitwa chamshakinywa, na wengine wakakiita staftahi kwa neno walilolichukua kwa Waarabu. Katika mwezi wa Ramadhani kuna futari na kuna daku. Kilicholala kutoka usiku wa jana kikaliwa asubuhi ni kiporo, na wazee wa zamani wakakiita mwiku. Ama kile kiliwacho baada ya jua kutua kina jina ambalo kwa uzuri wake lingefaa kukaa katika kituo cha ubeti: chajio, yaani chakula cha jio, na jio ni ile saa ambayo mchana unaaga na usiku haujabisha hodi. Jina hilo leo halisikiki sana mitaani; watu husema tu chakula cha usiku. Lakini kitu chenyewe kipo, na tarikhi yake ni ndefu kuliko ya majumba mengi ya mawe yanayopigwa picha na wageni.

Tarikhi hiyo haikuandikwa sana, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Walioandika waliandika habari za wafalme, za vita na za karamu. Pilau ina harusi yake, biriani lina wageni wake, na halua ina kikombe chake cha kahawa. Chajio hakina mgeni. Ni chakula cha Jumatatu na Jumanne, cha watu wa nyumba moja walioketi mkekani bila ya kuvaa nguo za kutokea. Hata washairi, ambao aghalabu huyaona yasiyoonwa na wengine, walikipita. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, ameyalilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na zidaka zilizokuwa zimepangwa vyombo vya kaure zikawa malazi ya makinda ya ndege. Mwana Kupona binti Mshamu, mnamo mwaka 1858, alimuusia binti yake namna ya kuishi na mume kwa adabu na utiifu. Vyombo vya kaure vimo katika ushairi, na mume yumo. Chungu cheusi, kilichopika kile kilichopakuliwa ndani ya kaure, hakikupata tenzi yake.

Waliokikumbuka chungu ni wachimbuzi wa mambo ya kale. Katika Unguja Ukuu, mji ulioanza kukaliwa kiasi cha karne ya 6 au ya 7, vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba, India na China vimeonekana, na ndivyo vilivyopewa sifa; lakini ni vichache mno ukivilinganisha na vigae vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papa hapa. Pamoja na vigae hivyo yametoka majivu, na mifupa ya samaki wa miambani, changu na pono kwa wingi, samaki wale wale ambao mvuvi wa dema huwaleta pwani mpaka leo. Mtu aweza kusema kwamba kitoweo cha Mzanzibari hakijabadilika sana kwa miaka elfu na zaidi. Kilichobadilika ni kile kinachotowelewa.

Hapa ndipo kazi ya Sarah Walshaw katika kisiwa cha Pemba inapokuwa na faida. Alichunguza mabaki ya mimea kutoka Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka, mji wa jirani uliostawi kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Njia inayotumika katika kazi hiyo ni ya kawaida kabisa, na mpishi yeyote aliyewahi kuosha mchele atairidhia: udongo wa kale hutiwa majini, mchanga ukazama, na punje zilizoungua zikaelea juu. Kila punje iliyoelea ni ajali ya mpishi. Ni nafaka iliyomponyoka mkononi ikaangukia mafigani, ikaungua ikawa kaa, na kwa kuwa kaa halina ladha kwa mdudu wala kwa ukungu, ikadumu. Laiti wapishi wa Tumbe wangekuwa makini zaidi, wazukuu wao wasingejua walikula nini.

Walikula uwele. Mchele ulikuwapo, na mtama pia, lakini nafaka iliyotawala Tumbe ni uwele, ile ile inayoliwa katika nchi kavu za bara la Afrika. Ushahidi huu unakubaliana na maneno ya msafiri al-Masudi, aliyezuru pwani hii mwaka 916 na kufika Kanbalu, mahali ambapo wataalamu wengi wanapadhania kuwa ni Pemba. Yeye anataja kuwa chakula kikuu cha watu wa Zanji ni mtama na mzizi wanaouchimba ardhini uitwao kalari, pamoja na asali na nyama. Na nazi anaitaja pia. Wali haukuwa chakula chao kikuu.

Chwaka mambo yakageuka. Kuanzia karne ya 11 punje za mpunga zinaongezeka mpaka zikaushinda uwele. Na hili linashangaza, kwa sababu uwele ni rahisi: hupandwa ukangojwa. Mpunga unataka bonde lenye maji, unataka mikono mingi, unataka mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri, kisha unataka kinu, mchi na ungo kabla ya kumfikia mpishi. Watu hawahami kutoka jambo jepesi kwenda kwenye jambo zito bila ya sababu. Walshaw ameyahusisha mabadiliko hayo na kukua kwa miji, kuenea kwa Uislamu na desturi ya wakubwa ya kulisha watu. Kwa maneno mengine, mchele haukuingia visiwani ili kuondoa njaa. Uliingia kwa heshima, kama chakula cha kumpakulia mtu unayetaka akuheshimu, na tangu hapo haujaivua joho yake.

Ibn Battuta aliliona joho hilo. Alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyotiwa ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Hicho kilikuwa chakula cha mgeni wa mfalme. Alipopita Mombasa, hakuna aliyemwandalia wali wa kuandikwa: anasema chakula cha watu wa pale ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka kwingine. Katika kitabu kimoja, na katika safari moja, zimekaa pamoja karamu ya watawala na chajio cha raia.

Lugha nayo imeshuhudia. Kwa Mswahili, kilicho shambani ni mpunga, kilichotwangwa ni mchele, na kilichopikwa ni wali. Majina matatu kwa kitu kimoja kinachosafiri kutoka bondeni hadi kwenye sinia. Uwele na mtama havikupata ukarimu huo. Muhogo ni muhogo ukiwa ardhini, ni muhogo ukiwa sokoni, na ni muhogo ukiwa chunguni. Yaonekana watu hukitolea maneno kile wanachokihangaikia.

Na wali wa nazi umehangaikiwa kweli kweli. Nazi hufuliwa kumbi lake, ikavunjwa, maji yake yakapewa mtoto aliyesimama karibu. Mkunaji huketi juu ya mbuzi, akakuna bila ya kufikia ganda, kwani weusi wa kifuu huharibu rangi ya tui. Kisha machicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa ndani ya kifumbu kilichosukwa kwa ukindu. Tui la kwanza, zito, huwekwa kando. La pili na la tatu, jepesi, ndilo linalotangulia chunguni. Mchele ukishakunywa tui jepesi, ndipo zito linapoongezwa, na chungu kikafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko ili moto uje kutoka juu na kutoka chini. Dakika hizo za mwisho hazina kipimo cha saa. Mpishi husikiliza. Wali unaokauka hutoa sauti nyingine, na harufu ya ukoko ikianza kunukia, makaa ya chini huondolewa. Hakuna kitu kinachotupwa: makumbi na vifuu hurudi jikoni kuwa kuni, machicha huliwa na kuku, na kifuu kimoja kilicho kizuri hupasuliwa kikawa upawa wa kupakulia kile kile kilichopikwa kwa nazi yake.

Ustadi wote huu ulikuwa wa wanawake, na kwa muda mrefu ulikuwa wa wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote kwa kuwa walikuwa mali ya watu wengine. Tarikhi ya chajio cha visiwani haiwezi kusemwa bila ya kuyasema haya.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu uliletwa Unguja. Katika enzi ya Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake na kufariki mwaka 1856, mashamba ya karafuu yalienea, misitu ikafyekwa, na ardhi iliyokuwa ikilimwa chakula ikapandwa kiungo. Visiwa vilivyokuwa vikiuza chakula nje vikawa vinanunua. Mchele ukaja kwa majahazi kutoka mrima, kutoka Bukini na kutoka India. Tufani la Aprili 1872 lilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba, iliyosalimika zaidi, nayo ikazidi kugeuzwa shamba la karafuu. Ni jambo la kustaajabisha, na pengine halijastaajabiwa vya kutosha, kwamba karafuu yenyewe haiingii katika chungu cha kila siku cha Mzanzibari. Hutiwa kidogo katika pilau, huchemshwa katika chai, hutumika kwa dawa ya jino, kisha basi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 mnunuzi wake mkubwa alikuwa Indonesia, ambako husagwa na kuvutwa ndani ya sigara. Visiwa vikawa vinauza kisicholiwa ili vinunue kinacholiwa, na tangu siku hiyo chajio cha Mkoani au cha Makunduchi kimefungwa kamba na bei zinazopangwa ng'ambo.

Nani alikula nini katika enzi hiyo? Salme binti Said, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi jamaa ya mfalme ilivyokula, wakiwa wameketi chini, mbele ya wali uliopikwa kwa namna nyingi. Huko mashambani, watumwa walipewa vipande vya ardhi na kwa kawaida siku mbili katika wiki, Alkhamisi na Ijumaa, walime chakula chao wenyewe. Kilichokua katika vipande hivyo zaidi ni muhogo.

Muhogo ni mgeni kama mchele, ila ulipitia mlango mwingine. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulifika pwani hii baada ya Wareno kuifungua njia ya bahari mwaka 1498, pamoja na mahindi, pilipili hoho, nanasi na tungule. Kwa hiyo mchuzi wa tungule na pilipili, ambao leo hakuna anayeweza kuufikiria kuwa ni wa kigeni, haukuwapo katika chungu cha Chwaka wala katika kombe aliloandaliwa Ibn Battuta. Lakini kati ya wageni wote hao hakuna aliyefanya kazi kuliko muhogo. Huota hata katika uwanda wa mawe ambako mpunga haukanyagi. Hustahimili ukame. Hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukimngoja mwenyewe, wala hauhitaji ghala. Majani yake hutwangwa yakawa kisamvu, mzizi wake hukatwa ukakaushwa ukawa makopa, makopa yakasagwa yakawa unga, na unga ukasongwa ukawa bada. Mtu mwenye mche wa muhogo nyuma ya nyumba na ndoano baharini hafi njaa.

Ndiyo maana ukadharauliwa. Chakula kinachopatikana kwa shida hujenga heshima, na kile kinachopatikana wakati wa shida hubeba aibu ya shida hiyo. Muhogo ulikuwa chakula cha aliyekuwa hana hiari. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, walioachiwa huru walijitafutia alama za uungwana: jina, nyumba, kanga. Ni rahisi kufahamu kwa nini wali nao ulikuwa miongoni mwa alama hizo. Kupika wali usiku, siku ya kazi, bila ya mgeni wala mazishi, kulikuwa ni kusema kwamba nyumba hii ni ya watu kamili.

Kutoka hapo hadi katikati ya karne ya 20, mchele wa Asia, khasa wa Burma, ulikuwa umekwisha kuwa wa lazima. Hapo ndipo ilipobainika hatari ya kulazimiana na kitu kinachokuja kwa meli. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wake ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaweka mgao. Ubaya wake haukuwa katika uchache tu, kwani uchache ulikuwa dunia nzima. Ubaya ulikuwa kwamba mgao ulifuata kabila: mchele ulielekezwa zaidi kwa Waarabu na Wahindi, na waliohesabiwa kuwa Waafrika wakapewa zaidi unga wa mahindi, kwa hoja kwamba kila kabila lipewe chakula chake cha asili. Hoja hiyo ingemchekesha mpishi wa Chwaka, aliyekuwa akipika wali miaka mia tisa kabla. Lakini haikuchekesha wakati ule. Karani aliyekuwa akiandika kadi ya mgao alikuwa, bila ya kujua au kwa kujua, anaandika pia nani ni nani katika visiwa ambamo watu walikuwa wameoana na kuchanganyika kwa karne nyingi. Swali la kabila lililokuja kuvipasua visiwa katika miaka ya 1950 lina mizizi mingi, na mmoja wa mizizi hiyo unapita jikoni. Mgomo mkubwa wa mwaka 1948, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandarini, nao ulikuwa na lalamiko la gharama za maisha katika kiini chake, na kwa mchukuzi wa mizigo gharama ya maisha maana yake ni chajio.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliahidi kufuta madaraja hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipunguza sana uingizaji wa mchele, unga wa ngano na sukari kutoka nje, kwa hoja kwamba visiwa vijitegemee. Ukweli wa hoja hiyo hauna budi kukubaliwa: nchi isiyojilisha imeshikwa shingo. Lakini mabonde ya mpunga hayakuweza kujaza pengo kwa amri, na wakati huo huo hazina ilikuwa na fedha za kigeni zilizotokana na karafuu. Watu walipanga foleni. Waliozaliwa miaka hiyo hawahitaji kuelezwa neno hilo; waliozaliwa baadaye wanalijua kama neno la benki. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na mgao ukaendelea katika utawala wa Mzee Aboud Jumbe. Pemba, kisiwa kilichotoa karafuu nyingi zaidi, kiliumia zaidi, na ngalawa zikavuka usiku kwenda pwani ya Kenya na magunia ya karafuu, zikarudi na vyakula na nguo, ingawa adhabu ya magendo ilikuwa kali mno. Ni mpaka mwaka 1984, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambapo biashara ililegezwa na mchele ukarudi madukani kwa wingi.

Nini kiliwalisha watu katika miaka hiyo? Jawabu halina utata: muhogo, ndizi, majimbi, viazi vikuu, mashelisheli, na samaki. Na hapa ndipo sifa ya mpishi wa kisiwani inapostahili kutamkwa kwa sauti, kwani kupika biriani kwa mwenye samli, nyama na zafarani ni kazi ya fundi, lakini kuwashibisha watu wanane kwa changu wawili na fungu la muhogo ni kazi ya fundi mkuu. Chombo chake kikubwa kilikuwa chukuchuku: samaki aliyechemshwa kwa maji, chumvi, pilipili mbichi na ukwaju au embe mbichi, bila ya mafuta na bila ya nazi. Aliyekula chukuchuku kwa bada la moto anajua kwamba ukali wa ukwaju hufanya kazi ya nyama. Huamsha mate, na tonge moja likaita la pili. Siku iliyopatikana nazi, muhogo ulipikwa kwa tui ukalainika mpaka ukakaribia kuvurugika, na samaki mkavu, papa au ng'onda, akatiwa humo kipande kwa kipande. Papa huyo kwa miaka mingi aliletwa na majahazi kutoka Arabuni wakati wa kaskazi. Alikuwa na harufu iliyotangulia mtaa mzima, na kwa hiyo hapakuwa na siri ya nani amepika nini.

Kulikuwa pia na elimu ya kugawa. Sinia moja, watu kulizunguka, kila mmoja akila mbele yake. Samaki amewekwa katikati, na mkono wa mtoto hauwahi katikati kabla ya wa mkubwa. Mama hukigawa kitoweo kwa vidole, akampa huyu mgongo na yule mkia, na mara nyingi yeye mwenyewe akabaki na kichwa, akisema kuwa ndicho akipendacho. Wapo wanaouita utaratibu huo adabu za Kiislamu na wapo wanaouita mila za pwani. Bila shaka ni vyote viwili, lakini pia ulikuwa hesabu ya kuhakikisha kwamba kidogo kilichopo kinamfikia kila mtu. Sahani ya mtu pekee haiwezi kuifanya hesabu hiyo.

Jikoni la leo si lile. Chajio cha mjini kimepungua uzito: wali umehamia mchana, na usiku nyumba nyingi huridhika na mkate wa kusukuma, au boflo, kwa chai na mchuzi uliobaki. Seredani imepisha jiko la gesi, mbuzi ya kukunia imepisha mashine ya sokoni na tui la pakiti, na jokofu limekiua kiporo, kwa maana kwamba kilicholala sasa kinaweza kulala siku tatu bila ya kupewa jina. Si mabadiliko ya kuliliwa yote. Mwanamke aliyekuwa akipepea moto kwa saa mbili huku macho yakimwagika kwa moshi ana haki ya kukataa kusifiwa kwa mashairi. Hata hivyo Unguja ilipewa onyo mara mbili. Umeme wake hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, na waya huo ulipoharibika, mji ulikaa gizani takriban mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha tena miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Majokofu yakawa makabati. Seredani zikashushwa kutoka juu ya dari, samaki akanunuliwa wa siku ile kwa siku ile, na waliokuwa wakijua kumkausha na kumwanika wakaulizwa upya.

Mchele nao haujaacha tabia yake. Mwaka 2008 bei yake ilipopanda ghafla duniani, ilipanda Darajani na Chake Chake pia. Mabonde ya Cheju na ya Pemba hulimwa, na mpunga wake una watu wanaoupenda kuliko wowote, lakini sehemu kubwa ya wali unaoliwa visiwani ungali unafika kwa meli. Kaya zenye kipato kidogo hununua mchele wa mapembe na kuupika kwa uangalifu usije ukawa bokoboko. Zenye nafasi hutafuta mchele wa Mbeya kwa harufu yake. Mchele ni mmoja, wamesema wahenga, mapishi mbali mbali, ingawa mwenye duka atakwambia kwamba hata mchele si mmoja.

Kuna mwezi mmoja tu ambao mpangilio huu wote hupinduka. Ramadhani ikiingia, muhogo, majimbi, viazi vikuu na ndizi hupanda thamani, na bei zake hupanda pia, kwani futari ya visiwani haitimii bila ya vyakula vya mizizi vilivyopikwa kwa nazi nzito. Jua likizama, tende na uji vikitangulia, bakuli la muhogo wa nazi hufunuliwa kawa katika jumba la tajiri wa Shangani na katika kibanda cha mvuvi wa Nungwi, na huliwa kwa furaha ile ile, bila ya mtu kukumbuka kwamba ni chakula cha Alkhamisi na Ijumaa za mashambani. Kwa siku ishirini na tisa au thelathini wali hungoja zamu yake kandoni. Kisha mwezi huandama, pilau hupikwa, na muhogo hurudi sokoni kuwa kile kinachonunuliwa na waliokosa bei ya mchele.